Komeo la Chumba cha Nyuma

"Rafiki yako analala lini?"

Mama yake aliniuliza hivyo jikoni kwake, Buganguzi, akimenya ndizi, mimi nimesimama mlangoni na simu mkononi. Badala ya kusema sijui, nilicheka. Nikamwambia, "Mama, huu ni msimu wa senene. Nani analala?" Naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama mwenyeji anavyoucheka mzaha wa mgeni, akaendelea kumenya.

Ndugu zangu, habari za mchana. Nimeombwa nisimame niwaeleze wageni wetu kilichonileta kwenye kikundi hiki cha watu wanaouguza wagonjwa wa akili nyumbani. Nyie wenyeji mnanijua kwa mdomo. Mimi ndiye niliyemuuliza katibu kwa nini tunafungua kikao kwa sala ya Kikatoliki wakati kuna Waislamu humu, na kuna watu kama mimi ambao hatujaamua. Mnacheka, lakini ndivyo nilivyo. Nyumbani walikuwa wakiniambia nilizaliwa nauliza. Leo nitawasimulia kuhusu maswali ambayo sikuuliza, na ninaona aibu hata kabla sijaanza, kwa hiyo mkiona natazama chini mniache nitazame chini.

Rafiki yangu simtaji jina. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia, akasema, "Sema, ila usinifanye malaika. Na usisahau kuwaambia senene wangu walikuwa watamu." Basi nimeshasema. Walikuwa watamu.

Tulikutana shule ya bweni, Kashozi. Yeye alikuwa mcheshi wa darasa, mimi mbishi wa darasa. Kwenye midahalo nilikuwa nasimama kupinga hoja yoyote, hata ile niliyoiunga mkono wiki iliyopita, ndiyo akaanza kuniita Mheshimiwa. Jina hilo analo yeye peke yake mpaka leo. Likizo fupi, kwetu kulikuwa mbali, alinichukua kwao. Nilipewa chumba cha nyuma, kile kinachotazama kibanja, ambako usiku unasikia majani ya migomba yakisuguana kama watu wanaonong'ona. Mlango wa chumba hicho ulikuwa na komeo la chuma kwa nje. Kwa ndani hapakuwa na kitu. Lilikuwa na kutu, na lilikuwa na ujanja wake: ukilisukuma tu haliendi, lazima uliinue kwanza kidogo. Sisi wasichana tulikuwa tukifungiana kwa utani, kwa hiyo mkono wangu ulilizoea.

Niliwahi kumuuliza Mama, "Mbona komeo liko nje?" Akanijibu, "Lilikuwa la mbuzi." Nikaridhika.

Baada ya chuo tulirudi wote wawili Bukoba, na vyeti vyetu. Tukapanga nyumba moja Kashai, chumba changu na chumba chake, sebule ya pamoja. Mimi nilipata vipindi vya kufundisha, kazi ya kujishikiza. Yeye akasema hataki kusubiri barua ya mtu. Msimu wa senene ulipokaribia akaenda kwao kutega.

Kwa wageni wasio wa huku: senene, wale panzi tunaowala, hawafukuzwi, wanaitwa kwa mwanga. Unasimamisha mabati, chini yake mapipa, juu unafunga taa kali. Wadudu wanakuja kwenye mwanga, wanagonga bati, wanateleza ndani ya pipa. Kazi yote ni ya usiku. Asubuhi wananyonyolewa mabawa na miguu, wanakaangwa, wanauzwa. Kwa hiyo msimu ukifika, mtu asiyelala ni mchapakazi. Mwenye macho mekundu anapongezwa njiani. Na ndiyo maana nawaambia, ndugu zangu, kosa letu lisingeweza kufanyika kirahisi Dodoma wala Tanga. Lilifanyika hapa, kwa sababu ugonjwa wake ulikuja umevaa nguo za msimu wetu.

Alikuwa halali usiku kama wote, lakini mchana wote walipolala, yeye hakulala. Alinyonyoa, akakaanga, akaja mjini, akauza, akarudi. Alizungumza haraka mpaka sentensi zikawa zinakanyagana. Mwanzoni ilikuwa mipango ya kawaida, pakiti nzuri, nembo. Halafu ikawa ndege itatua Bukoba kuchukua senene wake. Halafu akawa amechaguliwa, ndilo neno alilotumia, kulisha Afrika. Aligawa vitu. Alimpa jirani godoro lake. "Nalifanyia nini," akaniambia, "na mimi silali?"

Na mimi? Niliupenda wakati ule. Nawaambia ukweli. Nilikuwa nimechoka na vipindi vyangu na watoto wasiosoma, na karibu naye ilikuwa kama kukaa karibu na jiko. Niliona mwanamke aliyekataa kudidimia. Mama alipouliza analala lini, nilidhani ninasikia sauti ya wazazi wote wanaoogopa mabinti wenye nguvu.

Halafu senene wakaisha. Kila mwaka huisha, mvua hubadilika, watu hushusha mabati na kulala kama wafu. Yeye aliendelea kuwasha taa.

Majirani wakacheka kwanza. "Huyu anatega nini sasa, mbu?" Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kueleza, na hapo mimi nikapata kazi. Mama mmoja wa jumuiya akasema ni pepo, aombewe. Nikamuuliza pepo huyo anakula nini msimu usio wa senene. Baba yake mdogo, anayekaa kibanja cha jirani tangu baba mtu afariki, akasema kuna aliyemwonea wivu kwenye biashara, aende kwa mtaalamu mmoja upande wa Kagoma. Nikamuuliza kwa nini uchawi haujawahi kumpata tajiri yeyote. Nilisoma kwenye simu kuhusu ugonjwa unaopandisha hisia kupita kiasi halafu ukazishusha kupita kiasi, unaoitwa baipola. Hata huo nikaupinga. Nikasema nani alimpa mtu mamlaka ya kupima furaha ya mwenzake? Nilishinda kila ubishi Buganguzi nzima. Na hakuna ubishi hata mmoja uliomlaza rafiki yangu usingizi.

Siku ya aibu yangu ilikuwa Jumapili. Mtoto wa jirani alipokea komunyo ya kwanza, kukawa na sherehe, turubai, muziki, sahani za pilau na ndizi. Tulikwenda wote. Rafiki yangu alivaa gauni la harusi la mama yake. Kwa muda watu waliona ni vituko vyake. Kisha akamnyang'anya MC kipaza sauti. Akaahidi kila mtoto aliyepokea komunyo baiskeli. Akamwambia baba yake mdogo, mbele ya wakwe zake, kwamba rubisi anayokunywa, ile pombe ya ndizi, ingetosha kumwagilia kibanja. Watu walicheka sana hapo, maana ilikuwa kweli. Halafu akaanza kulia, halafu akaimba, halafu akaanza kumkemea paroko, na simu zikainuliwa. Watoto wa watu walikuwa wanamrekodi.

Mwanamke aliyekaa pembeni yangu, mgeni kutoka Muleba mjini, akaniuliza, "Si ndiye mliyekuja naye?"

Nikasema, "Nilisoma naye tu."

Nisubirini kidogo.

Sawa. Tulimtoa kwa nguvu. Baba mdogo alimshika mkono mmoja, kijana wa muziki mwingine. Njiani alikuwa akipigana kujichomoa, anasema anakwenda ziwani kwa miguu, kuna mashua inamsubiri impeleke kwa mnunuzi. Mama alibaki nyuma kuwaomba radhi wenye sherehe. Desturi ni desturi, hata dunia ikiporomoka mtu lazima aage. Tulipofika nyumbani, baba mdogo akiwa amelowa jasho na hasira ya yale ya rubisi, akasema, "Chumba cha nyuma kipo."

Alimwingiza, akavuta mlango. Akajaribu kulisukuma komeo, likakataa. Akalisukuma tena. Ndani rafiki yangu alikuwa anaugonga mlango kwa mabega. Baba mdogo akasema, "Chuma hiki kina nini?"

Mimi nilikuwa najua kina nini. Nikamsogeza pembeni, nikaliinua kidogo, nikalisukuma. Likaingia.

Kugonga kukakoma pale pale. Nikasikia ameegemeza uso kwenye mbao. Akasema taratibu, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu msimu uanze:

"Mheshimiwa? Ni wewe umefunga?"

Nikamjibu, "Ni kwa usalama wako." Kwa sauti ya darasani. Mimi, niliyekataa pepo, niliyekataa uchawi, niliyekataa hata daktari kwa sababu hakuna mwenye mamlaka juu ya akili ya mwenzake, nilikuwa na hoja ya kila kitu na mwisho wa hoja zangu zote lilikuwa komeo.

Baba mdogo akaenda zake kunywa maji. Nikabaki nimekaa kwenye gogo nje ya mlango, jua bado kali, kuku wanachakura. Alikuwa ananiomba. Siwezi kusema maneno yote. Alisema ana kiu, nikasema subiri Mama arudi. Alisema kuna joto, nikasema subiri. Sikuwa namwogopa, mjue hilo. Nilichokuwa naogopa ni kwamba akitoka atarudi kule kwenye turubai, na watu wataniona tena naye.

Mama akaja na beseni la chakula kichwani, walimfungia chakula cha njiani. Akasikia sauti kabla hajaona. Akaliweka beseni chini, akaja, akalitazama komeo muda mrefu. Nilingoja anitukane.

"Nani amefunga?"

"Mimi, Mama."

Aliliinua komeo kidogo, akalivuta, bila kutazama, mkono wake unalijua kuliko wangu. Baba mdogo akatoka mbio, "Shemeji, atatukimbia!" Mama akamwambia, "Akikimbia nitakimbia naye. Humu hafungiwi mtu. Nenda kapumzike, waitu, umechoka." Alimwambia kwa heshima yote, na yeye akaondoka.

Kisha akaingia, akaketi sakafuni na kitenge chake kizuri cha sherehe. Akanitazama mimi niliyebaki nje. "Unangoja nini? Ingia ukae."

Nikaingia. Rafiki yangu alikuwa kwenye kona, gauni limechanika bega. Mama akampa maji. Halafu akafungua pindo la kitenge, akatoa punje za kahawa za kutafuna, kama tunavyompa mgeni anapofika nyumbani. Akampa yeye kwanza, kwa mikono miwili. Kisha mimi. Tukatafuna watatu. Baadaye muuguzi aliposikia habari hiyo alishika kichwa: "Mama! Mtu hajalala siku zote hizo, nawe unampa kahawa?" Rafiki yangu alicheka mpaka machozi. Lakini siku ile, nawaambia, nilimwona akizipokea, na mabega yake yakashuka. Kwa wiki nyingi watu walikuwa wanamkamata, wanamwombea, wanambishia. Huyu alimkaribisha.

Akasema, "Mama, kichwa kinakimbia. Nakifuata, sikikamati."

"Najua," Mama akasema. "Kesho tutakwenda hospitali sote, tukakikamate pamoja. Utakubali?"

"Na Mheshimiwa?"

"Na yeye."

Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa bado ananitaka niende naye.

Asubuhi tulikodi gari mpaka Bukoba. Alibishana na dereva njia nzima juu ya kasi ya mwanga. Na ndugu zangu, swali la kwanza la muuguzi lilikuwa lipi? "Analala?" Safari hii nilikuwa na jibu, na nililitoa huku namtazama Mama, naye akatazama dirishani. Hawakutupa jina la ugonjwa siku ile. Walisema huenda ni hiyo baipola, lakini hawawezi kuthibitisha kwa kumwona mara moja, kuna mambo mengine ya kuchunguza, tuanze dawa na turudi. Mimi nikafungua mdomo kuuliza ushahidi wao ni upi. Rafiki yangu akaniwahi: "Mheshimiwa, kaa."

Nikakaa.

Nisiwadanganye wageni kwamba baada ya hapo mambo yakanyooka. Ile kasi ilipoondoka haikumwacha pale alipokuwa zamani, ilimpitisha, ikamwangusha chini. Alirudi Kashai akalala akitazama ukuta. Mikono ilimtetemeka kwa dawa, ikabidi zibadilishwe. Hakuoga. Video za komunyo zilikuwa zimezunguka, na kila mtu aliyekuja kumjulia hali alikuja akiwa ameziona. Yeye aliyeahidi baiskeli alishindwa kutoka chumbani kununua chumvi.

Siku moja akasema, "Nisingeamka mngepata nafuu." Zamani ningebishana naye, ningempa sababu za kuishi, moja, mbili, tatu. Safari hii niliuliza. Nilimuuliza wazi, "Unafikiria kujiua?" Akasema, "Wakati mwingine." Nikamwambia asante kwa kuniambia. Nikampigia Mama, akaja. Hatukumwacha peke yake, tukamrudisha hospitali, na wao wakaongeza msaada. Mkiuguza mtu, msiogope swali hilo. Hofu yangu ilikuwa kwamba nikilitaja nitamwekea wazo. Wazo lilikuwepo tayari, lilikuwa linakaa naye chumbani peke yake.

Alipopata nguvu ya kukaa kitandani, ndipo alipoanza yeye: "Nilijua ni mkono wako kabla hujajibu."

"Ulijuaje?"

"Baba mdogo hajui kuliinua."

Nikaomba msamaha. Sikuweka sababu yoyote ndani yake, na kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi nzito. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Ilimchukua muda, na muda huo ulikuwa haki yake. Nilimwambia pia lile la "nilisoma naye tu." Hilo hakuwa analijua. Aliniambia, "Hilo ndilo limeniuma zaidi," akageukia ukuta mpaka kesho yake. Lakini kesho yake aligeuka.

Sasa tuna mapatano, na ameyatunga yeye. Nikiona maneno yameanza kukanyagana, nikiona taa inawaka na yeye anapaka rangi sebule alfajiri, nisimwite mgonjwa wala nisimpe mhadhara. Niseme tu, "Senene wameisha." Mara nyingine hujibu, "Ndiyo, nakwenda kulala." Mara nyingine hunitukana, halafu tunakwenda kliniki akiwa bado ananitukana. Aliwahi kuacha dawa, nami moyoni nilisikia yule mbishi akiamka: kwani lazima? Nikamwambia swali hilo tumpelekee daktari tukiwa wawili. Tulimpelekea. Bado nauliza, ndugu zangu. Ila sasa nauliza kwa mtu anayeweza kujibu, na nangoja jibu.

Hajapona kama mafua yanavyopona. Msimu uliopita alitega tena, kwa kazi ya zamu: usiku binamu yake, mchana yeye, na analala. Amewauzia wengi wenu humu.

Namshukuru Mama, aliyeketi sakafuni na kitenge cha sherehe. Nawashukuru wauguzi wa kliniki, ambao nimewachosha. Namshukuru jirani wa Kashai aliyerudisha lile godoro bila kusema neno, akalianika juani kwanza. Namshukuru hata baba mdogo. Alikuja wakati wa giza la rafiki yangu na mkungu wa ndizi begani, akauweka mlangoni, akasema, "Ile ya rubisi ilikuwa kweli," akaondoka. Na nyie wa kikundi, mlionipokea nikiwa nimekuja kubishana.

Kama kuna somo, ni dogo. Mtu wako akibadilika, kitu cha kueleza kwa nini kitakuwepo siku zote: msimu, wivu, pepo, kitabu. Uliza kwanza amelala lini, amekula lini. Na ukijikuta mkono uko kwenye komeo, jiulize unamlinda nani. Mimi nilikuwa najilinda mwenyewe.

Nimalizie na jambo moja. Mama mwenyewe amenipa ruhusa, na yupo humu ndani, ameketi nyuma. Msimu uliopita tulikuwa barazani kwake tunanyonyoa senene, sisi wawili. Nikamuuliza tena lile swali la utotoni, kwa nini komeo liliwekwa nje. Hakusema la mbuzi. Alisema mumewe alikuwa na dada, shangazi wa rafiki yangu, msichana mchekeshaji sana, ambaye msimu mmoja aliacha kulala. Majirani waliambiwa amekwenda kuolewa Uganda. Alikuwa chumba cha nyuma, na alitoka humo amebebwa kupelekwa kaburini. Na aliyepewa kazi ya kumpelekea chakula, na kulifunga komeo kila alipotoka, alikuwa bibi harusi mgeni wa nyumba ile, ambaye ndiye Mama.